Kabla ya Bisibisi, Kaa Kwenye Kiti

Mwezi uliopita nilikatiza nyuma ya stendi ya Nachingwea nikamkuta kijana mmoja amefungua mlango wa gari la mtu. Ile nailoni inayobandikwa ndani ya mlango, nyuma ya spika, alikuwa ameibandua na kuitandika chini ili akae asichafue suruali. Nikamuuliza kama atairudisha. Akacheka. "Mzee wangu, hiyo takataka ya kiwandani." Nikaondoka upesi kabla sijasema neno la kunivunjia heshima, na nilipofika nyumbani chai haikushuka.

Takataka! Sasa nyinyi mnaojiita mafundi wa muziki wa magari, wa Nachingwea, wa Ruangwa, na nyinyi mliofungua vibanda juzi juzi huko Naipingo na Chinongwe, nisikilizeni. Mimi ni Selemani. Nimefungua na kufunga redio za magari tangu zile za kuzungusha kwa vidole mpaka hizi za sidii. Nimeacha kazi kwa sababu macho hayaoni tena tundu la skrubu na mkono unatetemeka nikishika waya. Lakini hasira yangu haijastaafu, na leo mtaipata.

Nianze na hiyo nailoni. Spika inasukuma hewa mbele na inasukuma hewa nyuma. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuja mbele, zinauana, na kinachokufa kwanza ni besi. Ile nailoni ndiyo ukuta wenyewe. Tena inazuia maji ya masika yanayoteremka ndani ya mlango, na inazuia vumbi jekundu la barabara ya Ruangwa ambalo linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Wewe unaitoa, unaikalia, halafu mwezi unaofuata mwenye gari anarudi analalamika kwamba muziki umekuwa mwembamba. Unamwambiaje? "Spika za kiwandani mbovu, bosi, tuweke kubwa." Umeua mwenyewe halafu unauza sanda! Na wala huoni haya.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Nandonde, Mmakonde mfupi, mtu wa ugoro, fundi umeme wa karakana moja pale Nachingwea. Alikuwa na tabia iliyotuchekesha sote. Ukileta gari lenye redio mbovu, hagusi kitu. Anaingia, anakaa, anafunga mlango, anapandisha vioo, anasikiliza. Anahamia kiti cha abiria, anasikiliza. Anahamia nyuma. Sisi tumeshika bisibisi tunangoja, jua linatuchoma, yeye yumo ndani kama bwana harusi. Akitoka anamuuliza mwenye gari swali moja, siku zote lile lile. "Nani anasikiliza, na anakaa wapi?"

Na sisi alikuwa akituambia, "Kabla ya bisibisi, kaa kwenye kiti."

Nililidharau sana neno hilo. Nilikuwa kijana, nina mikono myepesi, nilidhani ufundi ni mikono. Siku moja akaletwa kwangu mganga wa zahanati, mtu mpole aliyehamishwa kutoka Moshi, na gari lake dogo. Anasema tangu fundi mwingine abadilishe spika moja ya mlango, ngoma hazisikiki tena. Nikafungua kila kitu. Nikasafisha, nikalehemu upya, nikabadilisha hata waya ambazo hazikuwa na kosa. Siku mbili! Besi hakuna. Nikamwambia yule mganga wa watu kwamba redio yake imezeeka na atafute nyingine.

Mzee Nandonde akapita, akaingia garini, akakaa. Hakumaliza hata ubeti mmoja. Akatoka na betri moja ya tochi, akachomoa waya za spika ya kushoto, akazigusisha kwenye betri. Koni ya spika ikasukumwa nje. Akaenda ya kulia, akafanya vile vile, koni ikavutwa ndani. Waya zilikuwa zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Spika moja inasukuma, mwenzake anavuta. Akageuza waya mbili, ngoma zikarudi, yule mganga akapiga makofi. Mzee Nandonde hakunigombeza. Alininyooshea betri, nami nikaipokea kichwa kimeinama. Wangapi kati yenu mnaipima spika kwa betri ya tochi kabla ya kumwambia mtu anunue mpya? Nyamazeni, najua jibu.

Na hilo si kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, masafa ya FM yalipoanza kutufikia, magari kutoka Japani nayo yalikuwa yameanza kuingia. Akaja mwalimu mmoja wa sekondari, amenunua gari zuri, kila akitafuta stesheni za FM ni kimya. Nikabadilisha antena. Kimya. Nikaunga waya wa antena kwenye bodi upya, nikakwangua kutu, nikafunga vizuri na ethi, ule waya unaokwenda kwenye chuma cha gari. Kimya. Nikatangaza kwamba redio imekufa, tukaitoa, akaagiza nyingine ile ile kutoka gari lingine la Japani. Kimya! Mpaka siku moja nikasoma namba zilizoandikwa kwenye kioo chake. Zinaanzia sabini na sita na kuishia tisini. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya tisini. Redio haikuwa mgonjwa hata kidogo, ilikuwa imezaliwa kwao. Kilichohitajika ni kidude kidogo cha kuyashusha masafa, kinachoingia kati ya antena na redio. Nilikuwa nimeizika ikiwa hai, na miaka ile tuliziua hivyo nyingi, tukajiita wataalamu.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na dereva mmoja aitwaye Saidi, ana pikapu ya milango minne, anakwenda Nachingwea, Ruangwa, Nambilanje, anarudi. Anabeba chumvi, sabuni, mafuta ya taa, anarudi na ufuta au korosho kulingana na msimu. Pikapu ile ilikuwa na redio yake ya kiwandani ya kaseti, spika mbili mbele, mbili nyuma. Saidi aliniletea mwenyewe akaniambia, "Kaka Selemani, nitengenezee isikike safi ikiwa chini. Kubwa sitaki."

Nikashangaa, maana kila mtu alitaka kubwa. Akanieleza. Watu wa vijijini walikuwa na watoto wao mbali, Dar, Morogoro, Tanga. Barua ikija, mzazi asiyejua kusoma anampelekea mwalimu au mjumbe amsomee, na barua ikishasomwa na mtu mwingine, jioni inajulikana kisimani. Kwa hiyo watu walianza kutumiana kaseti. Mtoto anazungumza lugha ya nyumbani, anaifunga kaseti kwenye karatasi, anampa dereva. Lakini kijijini redio yenye betri nzima ni adimu, na ukiazima redio ya jirani, jirani naye atasikiliza. Basi gari la Saidi likawa ndicho chumba. Akifika, anaiweka kaseti, mzee au mama anaingia, vioo juu, mlango umefungwa, na Saidi anakwenda kukaa mbali mpaka aitwe. Hapo hakuna aliyesogea karibu na gari, hata watoto walijua.

Kazi ile niliipenda kuliko zote. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye kiti kama Mzee Nandonde, viti vyote vinne. Nikasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe wa kaseti, kwa spiriti na pamba kwenye njiti ya kiberiti, na ule mpira unaovuta utepe nao nikausafisha, maana ukiwa na mafuta ndio unaomeza kaseti za watu. Nikakaza skrubu za spika zote, nikatoa ndani ya milango maganda ya korosho, sarafu na kijiko kimoja ambacho mpaka leo sijui kilipitaje. Vitu hivyo ndivyo vinavyopiga kelele ukidhani spika imepasuka. Nikabandika nailoni upya kwa gundi. Besi nikaiweka katikati, sauti nyembamba katikati, maana ukizipandisha zote mbili unakuwa umeongeza kelele tu. Sauti ikawa chini kabisa lakini kila neno linasikika. Ukitoka nje na kufunga mlango, husikii kitu. Saidi alifurahi mno.

Aliyeitumia sana redio ile alikuwa Bi Zuhura wa Nambilanje. Binti yake Sharifa alikuwa ameolewa na kijana wa kijiji hicho hicho, wakahamia Morogoro. Miaka inapita, mtoto hakuna. Mama mkwe wa Sharifa, anayekaa nyumba chache kutoka kwa Bi Zuhura, alikuwa akimrushia maneno kila wakikutana. Shambani, kisimani, hata kwenye msiba. Kwamba mwanawe ameoa gogo. Bi Zuhura alinyamaza, akavumilia. Hayo yote alinieleza Saidi, na kijiji chote kilijua.

Kisha Saidi akaja na wazo. Anataka kutangaza biashara. Anataka akiingia kijijini watu wajue amefika, analeta nini, ananunua nini. Amepata kipaza sauti cha chuma, kama vile vya misikitini, na tangazo amelirekodi kwenye kaseti. "Nifungie juu ya kabini, kaka."

Nikakifunga. Sikukaa kwenye kiti. Sikuuliza nani anasikiliza wala anakaa wapi. Nilichukua njia fupi. Nikakata waya za spika za nyuma nikazipeleka kwenye kipaza sauti. Redio za kiwandani zina kitufe cha kugawa sauti kati ya mbele na nyuma. Nikamwambia Saidi kwamba kitufe kikiwa mbele kabisa, kipaza sauti kimya. Kikiwa nyuma, kinasema chenyewe. Kikiwa katikati, vyote vinasema. Nilijiona mjanja sana. Sikununua hata swichi! Swichi moja, ya kuzima na kuwasha, ningeitoa kwenye redio yoyote iliyokufa pale karakana. Nakasirika mpaka sasa nikiandika.

Safari ya kwanza baada ya hapo, Saidi aliingia Nambilanje akitangaza, kitufe kiko katikati ili naye ajisikie. Alikuwa na kaseti ya Bi Zuhura. Akasimamisha gari karibu na msikiti, akatoa kaseti ya tangazo, akaweka ya Sharifa, akashusha sauti chini kama kawaida. Bi Zuhura akaingia. Wakati huo huo ikaadhiniwa adhuhuri, na Saidi akaenda kuswali kabla kaseti haijaanza kusema. Kitufe kilibaki pale pale katikati.

Kipaza sauti cha chuma hakihitaji nguvu nyingi. Sauti inayotosha kunong'ona ndani ya kabini inatosha kufika mwisho wa kijiji nje.

Sharifa alikuwa anamwambia mama yake siri. Walikwenda hospitali wote wawili, yeye na mumewe. Wakapimwa. Tatizo halikuwa lake, lilikuwa la mume. Akasema, mama, nakuomba usimwambie mtu, hata ukitukanwa, nampenda mume wangu, nitakaa naye hivi hivi, nakueleza wewe tu ili moyo wako upoe. Akayasema kwa Kimwera, taratibu, kama mtu anayekaa karibu na mama yake jikoni. Wote waliokuwa msikitini walisikia, Saidi akiwa katikati ya swala, hawezi kutoka. Waliokuwa kisimani walisikia. Mama mkwe alikuwa barazani anapepeta ufuta, akasikia kila neno.

Aliyeokoa kilichobaki alikuwa mwalimu mkuu, Mwalimu Kaijage, mtu wa Bukoba. Yeye Kimwera hakukijua hata kidogo, aliona tu nyuso za watu zinabadilika. Akakimbia mpaka kwenye gari, akagonga kioo. Bi Zuhura akageuka, jasho linamtiririka, vioo vyote vinne vimefungwa kwenye jua la saa sita. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole juu ya kabini. Hapo ndipo mama yule akaelewa.

Saidi alinijia siku iliyofuata, akanieleza yote. Nami, vijana, mimi mnayenisikia hapa nikifoka kuhusu nailoni, mnajua nilimwambia nini? Nikamwambia, "Si nilikueleza habari ya kitufe?" Basi. Nikakata waya za kipaza sauti, nikarudisha spika za nyuma, nikafunga mdomo. Saidi naye hakutaka kujulikana kwamba gari lake ndilo lenye kosa, nani tena angempa kaseti? Kwa hiyo hakuna aliyesema. Kijiji kikabaki na maelezo yake chenyewe. Kwamba Bi Zuhura amechoka kutukanwa, amefungulia makusudi ili mama mkwe asikie. Baadhi ya watu hata walimpongeza, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alikuwa akiapa kwamba hakufungulia kitu, wanacheka, wanamwambia amefanya vizuri.

Baada ya hapo ndoa ya Sharifa haikumaliza mwaka. Mume alishindwa kurudi kwao na akashindwa kukaa naye. Kaseti kutoka Morogoro zikakoma. Saidi aliniambia kwamba Bi Zuhura alimtumia binti yake kaseti moja, hakujibiwa. Mara kadhaa nilisema nitakwenda Nambilanje. Nikasema baada ya msimu wa korosho. Nikasema baada ya mvua. Mimi nilikuwa fundi mwenye jina, watu wanatoka mpaka Masasi kunitafuta, na nilijua nikisema ukweli, jina litakwenda. Ndivyo ilivyokuwa, sitapamba maneno.

Ikapita miaka kama kumi. Mzee Nandonde ameshafariki, simu za mkononi zimeingia, watu hawatumiani kaseti tena. Asubuhi moja likaja gari dogo jeupe, namba za mbali, redio yake ya kiwandani bado ipo. Akashuka mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio, amechoka na safari.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Karibu."

"Redio inacheza kaseti zote vizuri. Ila hii moja inasikika kama mtu amefunikwa blanketi."

Akatoa kaseti kwenye kipande cha kanga. Nikaigeuza mkononi. Kisha, kwa mazoea niliyojifunza kwa kuchelewa, nikauliza swali la mzee wangu. "Nani anasikiliza, na anakaa wapi?"

"Mimi. Peke yangu, hapo hapo kwenye usukani. Na fundi, nje kusisikike kitu. Nilishawahi kusikilizwa na kijiji kizima."

Nikauliza kaseti imerekodiwa wapi. Akasema Nambilanje, na mama yake, Bi Zuhura. Hajakanyaga huko tangu siku ile. Kaseti amekaa nayo miaka yote, aliijaribu mara moja kwenye redio ya duka, akasikia mgumio tu, akaona ni ishara kwamba asisikilize. Sasa ameambiwa kwamba mama yake amezeeka. Yuko njiani kwenda, lakini amefika Nachingwea moyo umekataa. "Nataka kwanza nisikie alichosema. Alinitangaza, fundi. Mama yangu mzazi. Kama aliniomba radhi, nitakwenda. Kama alijitetea, nageuza gari."

"Hakukutangaza," nikasema.

"Wewe unajuaje?"

"Kipaza sauti kilikuwa juu ya gari. Nilikifunga mimi, kwenye waya za spika za nyuma. Kitufe kilikuwa katikati. Mama yako hakujua. Alikuwa amefunga vioo vyote."

"Vioo alifunga?"

"Vyote vinne. Kwenye jua la saa sita. Mwalimu alilazimika kugonga."

"Ulijua lini?"

"Siku iliyofuata."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukosa wateja."

"Wateja," akasema. Akalirudia tena, polepole, "Wateja. Mimi nimemchukia mama yangu miaka kumi, wewe unahesabu wateja." Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angenipiga.

Nikadhani ataondoka. Badala yake akafungua mlango wa gari na kuniambia, "Tengeneza."

Nikatengeneza. Nikakagua spika kwa betri ya tochi, nikasafisha hedi, nikahakikisha nailoni za milango ziko mahali pake. Lakini tatizo lilikuwa kaseti yenyewe, na nililijua. Redio iliyorekodi kaseti ile ilikuwa ya Saidi, ambayo wazazi walirekodia majibu yao, redio kuukuu ya mbao, niliwahi kuifungua. Hedi yake ilikuwa imeinama kidogo. Kaseti iliyorekodiwa na hedi iliyoinama, ukiicheza kwenye hedi iliyonyooka, sauti inazibwa. Hakuna kilichoharibika. Unachohitaji ni kuinamisha hedi yako iwe kama ile, kwa skrubu moja ndogo, huku unasikiliza mpaka sauti ing'ae. Ukimaliza, unairudisha.

Huku unasikiliza. Ndiyo shida yenyewe. Kuirekebisha ni lazima nimsikie Bi Zuhura akizungumza na mwanawe, nami nilishawasikilizisha watu vya kutosha. Nikalegeza uso wa redio ili skrubu ionekane, nikampa Sharifa bisibisi ndogo kabisa niliyokuwa nayo.

"Skrubu ni hii. Weka kaseti, zungusha robo robo, taratibu. Ukisikia ameacha kugumia, acha hapo. Mimi nasimama nje."

Akafunga mlango. Akapandisha vioo. Nikazunguka gari lile, nikaweka sikio kila mlango, kama Mzee Nandonde alivyokuwa akihama kiti kwa kiti. Kimya. Niliona mabega yake tu, na mkono unaozungusha bisibisi, kisha mkono ukasimama. Alikaa mle upande mzima wa kaseti.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alinirudishia bisibisi. Sikumwuliza alichoambiwa na hakunieleza.

"Panda," akasema.

"Niende wapi, mama?"

"Nambilanje. Uliwaambia wote, hutamalizia kwangu peke yangu."

Nikaketi kiti cha nyuma, fundi mzima, kama mzigo. Njia nzima redio imezimwa, vumbi tu. Tulifika watu wanatoka kwenye swala ya adhuhuri. Nikasimama pale pale lilipokuwa limesimama gari la Saidi, nikasema, bila kipaza sauti, kosa langu la waya, kosa langu la kunyamaza, na kwamba mama yule alikuwa amefunga vioo. Wengine walikuwa wameshasahau. Wengine walikuwa watoto wakati ule. Mzee mmoja alitema mate chini akaondoka. Mama mkwe wa zamani alikuwa bado hai, alisimama mlangoni kwake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani.

Bi Zuhura aliletwa ameshikwa mkono. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Sharifa alimshika, wakashikana hivyo muda mrefu na mimi nikatazama pembeni. Kisha mama yule akauliza fundi yuko wapi. Nikasogea, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akanipapasa bega.

"Siku ile, baba, redio ile ilikuwa safi sana," akaniambia. "Nilimsikia mwanangu mpaka anavyovuta pumzi. Ndiyo maana sikusikia kingine."

Ile sauti niliyoisafisha kwa mikono yangu, ambayo niliipenda kuliko kazi zangu zote, ndiyo iliyomzuia asisikie kinachotoka nje.

Sasa wewe wa nyuma ya stendi, inuka hapo kwenye hiyo nailoni ya watu, uifute vumbi, uirudishe mlangoni. Halafu ingia, funga mlango, kaa. Kaa kwanza.